Barua kutoka Tabata

Shosti yangu, salama? Wazima wote hapo Likoni? Usione kimya, nilikuwa nahangaika na vibali, cha kazi na cha ukaazi, vyote vimeshatoka alhamdulillah.

Nyumba nimepata Tabata Segerea, vyumba viwili na Luku, mita ya umeme, yangu mwenyewe, ila huku kodi wanataka ya miezi sita kwa mpigo na dalali naye anachukua yake ya mwezi mzima, kwa hiyo akiba yote imeishia hapo. Lakini majirani jamani! Mama wa mlango wa pili kila jioni anagonga kuuliza kama nimekula.

Mji mkubwa huu wa Dar. Sisi Mombasa sensa ya 2019 ilituhesabu milioni 1.2, hawa 2022 walikuwa milioni 5.4, na asubuhi Barabara ya Mandela foleni haisogei kabisa. Joto ni lilelile letu, hilo halinisumbui.

Kinachoniuma ni watoto wa shule vituoni. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, mtu mzima analipa zaidi ya mara mbili yake, sasa konda akiona sare anaziba mlango, anapakia wakubwa kwanza, na mtoto anabaki pale na begi lake daladala ya tatu ya nne inampita. Anafika darasani jasho linamtoka, kipindi cha kwanza kimeshakatika, halafu bado kuna walimu wanamchapa kwa kuchelewa. Mimi nimeamua, darasani kwangu anayechelewa anaingia anakaa, simuulizi kitu.

Sasa nikwambie la darasani maana ndilo hasa lililonifanya nikae nikuandikie. Nafundisha baiolojia fomu wani. Wengi wametoka Kayumba, ndivyo wanavyoziita shule za msingi za serikali, miaka saba wamesoma kwa Kiswahili, kisha wakiingia sekondari karibu masomo yote yanageuka Kiingereza kwa siku moja. Sisi kule darasa la nne tulikuwa tumeshabadilisha, tulikuwa wadogo, ulimi ukazoea. Hawa wana miaka kumi na tatu kumi na nne, wana aibu zao, ukiuliza swali darasa zima linaangalia daftari na ukikaa vibaya unaweza kudhani hawajui kitu.

Kuna kijana mmoja anakaa nyuma, kwao ni huko chini karibu na bonde la Msimbazi, tangu nifike sijawahi kusikia sauti yake. Tulikuwa kwenye mbu na malaria, nikaona wamenyamaza nikasema haya, mwenye kujua anieleze kwa Kiswahili. Akanyoosha mkono yule. Akasema mwalimu, viluwiluwi hawafanani, wale wa kwenye mtaro mchafu wananing'inia kichwa chini mkia juu, lakini wale wa kwenye dimbwi la maji ya mvua wanalala bapa juu ya maji. Akaja mbele akachora ubaoni, na mkia wa kupumulia akauweka panapotakiwa. Shosti, hiyo ndiyo tofauti ya mbu aina ya kuleksi na anofelesi! Sisi tuliikariri kitabuni chuoni, yeye ameiona nyuma ya nyumba yao amechuchumaa mwenyewe. Nilimwambia palepale kwamba wanaolala bapa ndio wa malaria, darasa zima likapiga makofi.

Na mtihani utakuja kwa Kiingereza, atapewa mstari mmoja wa kuandika na ataacha wazi. Hilo linaninyima usingizi, nakwambia kweli. Kwa hiyo sasa ubao wangu una pande mbili, kushoto Kiswahili kulia Kiingereza, wanaelewa kwanza ndio tunavuka. Mwenzangu mmoja hapendi, anasema nawadekeza, mimi naona anakosea na nimemwambia kwa adabu.

Wewe na JSS yako, hiyo sekondari ya chini, vipi huko, maabara mmepata au bado mnaazima? Niandikie. Na zile chati zetu za baiolojia tulizochora kwa mkono, za wadudu hasa, kama bado ziko kabatini kwako zikunje vizuri uzitie kwenye mfuko wa kitambaa, mabasi ya Mombasa yanapita mpakani Lunga Lunga na Horohoro kuja Dar kila siku, ukimpata mtu wa kumwamini mpe, mimi nitamfuata stendi hata usiku.

Wasalimie sana.

Shosti wako