Tubandikieni ratiba, hata kwa chaki

Mhariri,

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati huo ikiitwa Port Florence, na tawi la Butere likafuata miaka ya 1930. Nikiwa mtoto huku Luanda, honi ndiyo iliyokuwa saa yetu. Mama akiisikia, hujitwika kikapu cha ndizi mbio, nami nyuma nimebeba kuku kichwa chini.

Desemba 2021 treni ya abiria kutoka Nairobi ilirudi Kisumu, nikapanda (polepole, lakini viazi vya Molo vilifika salama). Juzi nimepita stesheni moja ya tawi letu: mbuzi watatu wamelala jukwaani, ubao mtupu. Wahusika, treni ipo au haipo? Andikeni pale.

Mchuuzi mstaafu,
Luanda, Vihiga