Barua ya wazi: kabla ya kutuuliza kuhusu siku saba, tuulizeni kuhusu sanduku la dharura mliloahidi

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya afya mkoani kwetu,
Lubumbashi

Mheshimiwa,

Tumepokea waraka wenu wa wiki iliyopita. Tuliusoma kwa heshima inayostahili cheo chenu, tukaurudia kwa sababu hatukuamini macho. Unatutaka tueleze, kila wodi kwa maandishi, kwa nini mgonjwa aliyepasuliwa utumbo anazidisha siku saba kitandani, na unataja "uzembe wa wauguzi". Tunajibu hadharani, maana barua tulizowaandikia kwa bahasha hazikurudi hata na muhuri wa kupokelewa.

Tuanze na saa za usiku. Siku nyingi za kulala wodini zinaamuliwa hapo, kabla kisu hakijashikwa. Mgonjwa analetwa saa nne usiku kutoka Katuba au Ruashi, tumbo gumu kama ubao. Ana wiki mbili na homa, ametibiwa malaria, akarudi akatibiwa malaria tena, kumbe ni tifoidi, na sasa utumbo mdogo umetoboka mwishoni, karibu na pale unapoingia kwenye utumbo mkubwa. Uchafu unamwagika ndani. Daktari yupo, meza ipo. Kinachofuata ni ordonansi, karatasi ya dawa na vifaa ambavyo familia inunue: glavu za upasuaji, serumu ya Ringa (maji ya mshipani), seftriaksoni, metronidazoli ya miligramu 500, ketamini, sonda (mpira mwembamba) ya pua namba 16, sonda ya mkojo na mfuko wake, kompresi, sparadra, uzi 3-0 wa utumbo na uzi mnene namba 1 wa kufungia ukuta wa tumbo.

Ndugu anakunja karatasi hiyo na kuingia mitaani. Famasi ya kwanza ina uzi, haina glavu. Ya pili inataka dola, na noti ikiwa na mchaniko mdogo pembeni inarudishwa. Wakati huo kaunta nayo inangoja amana. Mara jogoo wanawika.

Saa hizo zina gharama, nasi tunaiona kwa macho tumbo likifunguliwa. Tundu likiwahiwa, tunasafisha kingo zake, tunalishona, tunaosha tumbo kwa lita kadhaa za maji ya chumvi yaliyopashwa moto, tunafunga. Likicheleweshwa hadi kesho yake, utumbo umevimba na kuoza ukingoni, uzi ukivutwa unakata nyama, na mshono wa namna hiyo ukirudishwa ndani utafumuka. Hapo hubaki kuutoa mdomo wa utumbo nje, ubavuni. Mgonjwa wa kwanza huenda nyumbani baada ya wiki moja na ushei. Wa pili tunakaa naye wiki kwa wiki, kwa sababu kinachotoka utumbo mdogo ni majimaji yanayounguza ngozi, na mifuko ya kuyakinga hata ukiwa na pesa ni kuitafuta kwa tochi. Vivyo hivyo utumbo mkubwa uliojisokota: ukiwahiwa ungali mzima, bomba laini likipitishwa njia ya haja kubwa linaweza kuufungua, upasuaji ukapangwa kwa utulivu. Ukishakuwa mweusi, ni kuukata tu.

Mtakumbuka, Mheshimiwa, kwamba dawa ya saa hizo mliitaja wenyewe. Siku mliyokuja kufungua jengo lililopakwa rangi upya, mlisema mbele ya kamera kwamba kila chumba cha upasuaji kitapewa sanduku la dharura: vifaa kamili, mgonjwa apasuliwe kwanza, familia ilipe baadaye. Tulipiga makofi. Rangi tunaiona kila asubuhi. Sanduku hatujaliona. Pengine pesa zilikwama Kinshasa, pengine ziliishia kwenye hiyo rangi. Sisi hatukai kwenye ofisi za mahesabu.

Waraka unatushauri pia "tuige nchi zilizoendelea". Vema. Henrik Kehlet, daktari wa upasuaji wa Denmark, alionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mgonjwa wa utumbo mkubwa anaweza kutoka baada ya siku chache, mahali alipozoea kulala siku kumi. Hakuwa na dawa ya ajabu. Alikusanya mambo madogo yakafanyika yote kwa pamoja. Mgonjwa asishindishwe njaa: chakula kikome zikibaki saa sita kabla ya usingizi wa upasuaji, maji zikibaki saa mbili. Akishaamka anywe siku ile ile, kesho yake ale kidogo, asingoje mpaka atoe hewa ya tumbo. Sonda ya pua isibakizwe kwa mazoea, ya mkojo itoke kesho yake. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli gramu moja kila saa sita na ganzi ya ukuta wa tumbo, ili mofini na tramadoli zipungue, kwani hizo zinalaza utumbo. Serumu isizidi kipimo: kila lita ya serumu ya chumvi ina gramu 9 za chumvi, lita nne ni gramu 36, na utumbo uliovimba maji hautembei. Na mgonjwa ashuke kitandani mapema, akae, atembee.

Hayo tunayajua bila waraka. Sasa shukeni wodini. Anayetakiwa kunywa uji siku ya kwanza anamngoja dada yake, kwa sababu hospitali haina jiko, na dada amekwenda kukopa pesa ya dawa. Anayetakiwa kutembea amefungwa kwenye serumu iliyoning'inizwa kwenye msumari wa dirisha. Parasetamoli ya saa sita usiku ipo ikiwa familia imeinunua. Ikikosekana, mgonjwa analala chali bila kujigeuza, anaogopa kukohoa, anavuta pumzi fupi fupi, na siku ya tatu tunatibu mapafu. Kisha kalamu nyekundu inaandika "uzembe". Tena hayo ni ya upasuaji uliopangwa. Tumbo lililokutwa na usaha lina kalenda yake.

Kidonda nacho. Utafiti wa GlobalSurg, mtandao wa madaktari wa upasuaji duniani, uliochapishwa 2018 ulifuatilia zaidi ya wagonjwa 12,000 waliopasuliwa tumbo katika nchi 66. Vidonda vilivyoingia vijidudu vilikuwa 9.4% katika nchi za maendeleo ya juu, 23.2% katika zile za chini, na sisi mnajua tuko upande gani. Mwaka 2022 utafiti wa ChEETAh, ambao jirani zetu Rwanda walishiriki, ulionyesha kwamba kubadilisha glavu na vyombo kabla ya kufunga tumbo kunashusha maambukizi kutoka 18.9% hadi 16%. Glavu mpya na vyombo vichache safi, basi. Lakini vyombo vilivyofungwa vinahitaji nyuzijoto 121 kwa dakika 30 ndani ya otoklavu, mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu, na umeme ukikatika katikati tunaanza upya. Na glavu za ziada tukiziandika kwenye ordonansi, ndugu anatuuliza kama tunauza.

Kuhusu siku saba zenyewe, tungependa kujua nani alizichagua. Mshono wa utumbo unaovuja hujitokeza mara nyingi kati ya siku ya tano na ya saba. Moyo unaenda mbio, tumbo linajaa, mgonjwa aliyekuwa anakula anakataa sahani. Kipimo cha CRP, cha kuonyesha kwenye damu uvimbe wa ndani, siku ya tatu au ya nne kingetusaidia kujua nani wa kumruhusu mapema, maana kikipita miligramu 150 kwa lita tunashuku uvujaji. Maabara haina kemikali zake. Tumtoe basi mtu wa Kasenga siku ya sita, kwa barabara ile, wakati wa mvua?

Halafu kuna wale mliowahesabu kama wagonjwa. Daktari amesaini, nyuzi zimetolewa, kidonda kimekauka, ila fakturi, hati ya deni la hospitali, haijalipwa, na mlinzi wa geti ana orodha. Kila usiku anaolala unaongezwa kwenye fakturi ile ile iliyomzuia kutoka. Siku hizo nazo tunadaiwa maelezo sisi.

Tungeweza kuomba mengi: jiko, umeme, mifuko, kemikali za maabara. Tumeshayaomba. Leo tunaomba moja tu, mlilolisema kwa kinywa chenu: sanduku. Ndani yake vifaa vyote vya ordonansi ile ya usiku, glavu zikiwa na jozi za kubadilisha kabla ya kufunga. Mawili kwa kila chumba cha upasuaji, ufunguo kwa muuguzi wa zamu, na kila kilichotumika kirudishwe kabla ya usiku unaofuata. Mama anayejifungua ameanza kufikiriwa tangu programu ya uzazi bure ilipozinduliwa Kinshasa 2023, na tunaifurahia. Tumbo lililotoboka bado halina mwenyewe.

Lileteni sanduku. Hesabu ya siku mnayoitaka tutawaandikia kwa furaha, mgonjwa kwa mgonjwa, kuanzia siku litakapofika.

Kwa heshima,

Wauguzi na madaktari wa upasuaji, Lubumbashi