Taya linauma, usingizi haunitoshi, na mimi ni dereva

Daktari, salaam.

Nina miaka 46, ni dereva wa lori, napakia Dar es Salaam na kushusha Tunduma. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa sababu naogopa kushika usukani.

Ilianza na sikio. Nikiamka, la kulia linauma na kichwa kinagonga pande zote mbili. Nilinunua dawa ya matone mara tatu, ingawa sikio halikuwa na usaha wala halikuziba. Baadaye nikang'olewa gego, ambalo sasa naamini lilikuwa zima. Maumivu yakabaki pale pale. Nikipiga miayo taya linalia "ko!", na siku nyingine linakwama kabla mdomo haujafunguka wote.

Mke wangu ndiye aliyeniambia ninayoyafanya usingizini. Nasaga meno mpaka yeye anaamka. Nakoroma kwa nguvu, kisha nanyamaza kabisa, hata pumzi haisikiki. Anahesabu hadi kumi na tano, wakati mwingine ishirini, ndipo nashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Mama akasema ni minyoo. Nimekunywa dawa mara mbili kwa kumheshimu, na meno bado nasaga.

Mwaka huu nilimpata daktari wa meno aliyenisikiliza. Aliweka vidole mbele ya masikio yangu, akaniambia nifungue na kufunga mdomo. Vidole vyangu vitatu havikuingia wima katikati ya meno ya mbele, viliingia viwili. Akasema tatizo ni kiungo cha taya na misuli yake. Nikamweleza jambo tunalofanya madereva wengi: usiku kucha natafuna bablishi nisisinzie. Alisikitika. Nikilala nasaga, nikiendesha natafuna, misuli ile ipumzike saa ngapi?

Nimeacha bablishi. Nakula vyakula laini, nakanda kwa kitambaa cha moto, na usiku navaa kikinga cha plastiki kwenye meno ya juu. Baada ya miezi miwili taya limepungua kuuma, lakini usingizi ni ule ule. Nalala kwa muda wa saa nane, naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Wiki iliyopita, alfajiri, tukiwa ndani ya Mikumi, utingo alinishika mkono na kupiga kelele. Gurudumu la kushoto lilikuwa limeshatoka nje ya lami. Sikumbuki kufumba macho. Kijana yule ana miaka 22, na mama yake ananifahamu.

Nilimrudia daktari wa meno. Anahisi pumzi yangu inakatika usingizini kwa sababu koo linaziba, na akataka nilale hospitali usiku mmoja nipimwe pumzi, moyo na oksijeni. Alisema kikinga nilicho nacho kinalinda meno tu, hakifungui koo. Kipo kifaa kingine kinachosogeza taya la chini mbele ili hewa ipite, ila kinaweza kukitonesha kiungo ambacho tayari ni kibovu. Ipo pia mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, nayo ina mikanda ya kufunga kichwani.

Hapo ndipo nilipokwama. Kipimo ni pesa nyingi kwangu. Je, nisubiri taya lipone kwanza, au pumzi ndiyo ya kuanza nayo? Inawezekana nasaga meno kwa sababu pumzi inakatika, kwamba hii ikitibiwa na lile litatulia? Na mikanda ya barakoa haitalibana taya?

La mwisho ndilo linaloniumiza zaidi. Tajiri hajui. Nikimwambia nasinzia barabarani, kesho yake lori lina dereva mwingine, na nina watoto watatu shuleni. Nilimwambia nina sikio, akanipa wiki moja. Wiki inaisha Jumapili, na utingo ameshanipigia kuuliza kama Jumatatu tunaondoka.

Dereva, Dar es Salaam