Somo, sikio lako usiliache nyumbani

Wete, Pemba

Kwako somo yangu,

Assalamu alaykum. Sie huku wazima, alhamdulillahi, na mama anakusalimu sana. Suali lako nimelisoma nikalirudia, nikaona halijibiki kwa ujumbe wa simu. Unataka kujua ukienda kusoma muziki chuo kikuu, hayo masomo ya kusikiliza na ya hamonia, yaani kupatanisha sauti zinazolia pamoja, yatakufaa nini wewe mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, na kama ni kweli yanaharibu sikio, kama wanavyosema wakubwa wa klabu ya taarabu.

Nianze na kusikiliza, maana ndiko kunakotisha watu. Mwalimu hukaa kwenye piano akapiga nota mbili, nawe utaje umbali uliopo baina yao. Halafu tatu kwa pamoja, halafu nne. Halafu imla: anapiga kipande, nawe unaandika ulichosikia kwenye mistari mitano. Wenzetu waliolelewa kwenye kwaya za kanisa wanalianza somo hili wakiwa mbele yetu. Tangu utotoni wamesimama baina ya soprano, alto, tenori na besi, na ile sauti ya ndani wanaisikia bila ya kuitafuta. Sie tuliokulia kwenye kisomo, maulidi na taarabu, tumezoea kufuata mstari mmoja na mapambo yake yote. Muhula wa kwanza mie nilikuwa nikiisikia sauti ya juu tu. Kilichonifungua ni kuimba besi. Kila kipande nilichopewa, kabla ya jengine lolote, niliimba sauti ya chini peke yake mpaka ikanikaa, na hizo za katikati zikaanza kujitokeza zenyewe. Anza kufanya hivyo sasa hivi, usingoje chuo.

Hamonia nayo, somo, ni nzuri kuliko wanavyoisema. Chukua so, ti, re na fa, uzipige pamoja, uziache zilie. Utaisikia ti inataka kupanda kwenda do, na fa inataka kushuka kwenda mi. Zikubalie ziende, sikio lote linatulia. Sheria nyingi utakazofundishwa zinatoka kwenye mvuto kama huo, hazikutungwa kwa ajili ya kuwatesa wanafunzi. Kuna moja watu huilalamikia sana: sauti mbili zilizoachana kwa nota tano, mathalan do na so, zisipande pamoja zikawa re na la. Mitetemo ya nota hizo mbili inakwenda tatu kwa mbili, zimekaribiana mno kimaumbile. Zikitembea sambamba sikio linazichukua kama kitu kimoja, ukawa ulikuwa na waimbaji wanne na sasa unawasikia watatu. Tulimsoma sana Bach, mtunzi wa Kijerumani aliyefariki 1750, kwa sababu hiyo. Katika nyimbo zake za kanisa za sauti nne, unaweza kuichukua ile ya tatu peke yake ukaiimba, ikawa wimbo kamili.

Sasa taarabu haifanyi kazi hivyo, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Kwenye bashrafu, kile kipande cha ala kisichoimbwa, mnapiga mstari mmoja nyote: wewe kwenye kanuni unaujaza mirindimo, udi unaruka nota na kuzidokoa nyengine, fidla zinateleza, nai inavuta pumzi. Wimbo ni mmoja na kila chombo kinausema kwa lahaja yake. Akitokea mtu akakwambia muziki wetu haujakamilika kwa kuwa hauna kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, mwambie asikilize tena.

Halafu ipo ile mi ya rasti, mojawapo ya maqamu, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Wataalamu hupima umbali wa sauti kwa senti. Nusu sauti ya piano ni senti 100, oktava nzima, kutoka do hadi do ya juu yake, ni 1200. Kutoka do hadi mi ya piano ni 400, hadi mi flati, yaani mi iliyoshushwa nusu sauti, ni 300. Mi ya rasti inakaa karibu na 350, na piano haina kibao chake. Wewe unayo kwenye kanuni, kwa vile vyuma vidogo vya mkono wa kushoto unavyovipandisha na kuvishusha. Mwaka 1932 walikutana Kairo mabingwa wa muziki wa Kiarabu pamoja na wageni kutoka Ulaya, Béla Bartók, mtunzi wa Hungari, akiwemo, wakabishana kama oktava igawiwe sehemu 24 zilizo sawa. Hawakukubaliana, na hadi leo sika, yaani hiyo mi, ya Uturuki iko juu kidogo kuliko ya Misri. Kodiani, na kinanda kilichotegeshwa kama piano, vinaweza maqamu za nahawandi, ajamu na hijazi. Rasti, bayati na sika haviziwezi. Hili linaniuma. Klabu ikimtegemea mpiga kinanda pekee, watoto watakua hawazijui.

Kwa hiyo wakubwa wa klabu wana hofu ya haki, ila wamemkamata asiyehusika. Hamonia haiharibu sikio. Linaloharibu ni kukaa muhula mzima husikii kitu ila piano, mpaka rasti ya nyumbani ianze kukuonekea imechuja. Mie kila usiku kabla ya kulala naimba bayati taratibu, na udi ukinishikia re.

Tulipewa kazi ya kuandika nota za wimbo wa taarabu kwa kusikiliza rikodi, na mwalimu mmoja akanishauri niandike mi flati tu, ukurasa uwe safi. Sikukubali. Niliweka alama ya flati yenye mkato, ile wanayotumia Waarabu, nikaitetea mbele ya darasa. Santuri alizorikodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928 zimetunza sauti yake. Haifai sie wa leo tuinyooshe kwa kalamu. Ningekuwa na amri, rasti na bayati zingekuwemo kwenye mtihani wa kusikiliza wa kila mwanafunzi, na Mtanganyika na Mpemba wahangaike sawasawa.

Nenda, somo. Ila kwanza jifunze kusoma nota, usiende mikono mitupu. Hapo Mjini Unguja Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimeanza tangu 2002 na kinafundisha taarabu pamoja na nota, waulize.

Na nina ombi. Nirikodie rasti kwa kanuni peke yake, taratibu, mara ya kwanza mi ikiwa mahala pake, mara ya pili umeipandisha ikawa kama ya piano. Nataka wenzangu darasani wazisikie zikifuatana. Nitumie kabla chuo hakijafunguliwa.

Nisalimie nyumbani nyote, na mwambie bibi karafuu zake nimemuwekea.

Wako,
Somo yako wa Wete