Kabla hujamsomea mtu Zaburi ya 109

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema siku hizi unaamka usiku wa manane, unasoma Zaburi ya 109 na kulitaja jina la yule tapeli aliyekuuzia kiwanja ambacho alishamuuzia mwingine. Sikukatazi. Ila nahofu unaisoma kama watu wanavyosoma halbadiri, kisha unatega sikio usikie amepatwa na nini.

Ujue ulichoshika. Mle watoto wa mkosaji wanaombewa uyatima, watangetange wakiombaomba. Mdai atwae kila alicho nacho. Laana imwingie ndani kama maji, na mifupani kama mafuta. Kanisa Katoliki lilipotoa Liturujia ya Vipindi mpya, kitabu chake cha sala za kila siku, mwaka 1971 liliiacha nje, pamoja na ya 58 na ya 83. Mimi nisingeziacha. Aliyedhulumiwa apeleke wapi hasira yake kama hata mbele za Mungu haruhusiwi kuitamka? Wapo wafafanuzi wanaosema laana zile ni za maadui, mwimbaji anazinukuu tu. Yawezekana, maana kuanzia mstari wa 6 waovu wengi wanageuka ghafla kuwa mtu mmoja. Vyovyote iwavyo, mwimbaji anasema yote yaliyomjaa moyoni, na mkono wake haugusi mtu.

Lakini mimi ningekuanzishia ya 7, ile ambayo kichwa chake kinamtaja Kushi, Mbenyamini. Kabla Daudi hajamwomba Mungu aamke ahukumu, anaapa: kama nimetenda hivi, kama mikononi mwangu mna uovu, kama nimemlipa mabaya aliyekaa nami kwa amani, basi adui anifuatie, anikamate, aukanyage uhai wangu chini. Mlalamikaji anapanda kizimbani kwanza! Hapo ndipo wengi tunaparuka, tunakimbilia mishale na upanga. Nawe usiparuke. Yule dada wa kazi uliyemwondoa bila mshahara wa mwezi wa mwisho, umeshamlipa? Naye anajua kusoma Zaburi.

Tena angalia adhabu yenyewe inavyokuja mwishoni mwa zaburi hiyo. Haishuki radi. Mtu amechimba shimo, akalichimba sana, akatumbukia humo humo. Ukorofi wake umemrudia kichwani. Wazee wetu nao walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Ni lini, Daudi hasemi. Asafu, mwimbaji mwingine wa zaburi, katika ya 73 aliwaona waovu wamenenepa na kustarehe hadi miguu yake ikakaribia kuteleza, na alipoingia patakatifu hakuonyeshwa tarehe, alionyeshwa mwisho wao.

Sasa la muhimu. Zaburi ya 82 Mungu anasimama kusanyikoni kuwakemea waamuzi wanaowapendelea waovu, anawaamuru wampe haki maskini na yatima. Asingewakemea kama kazi ya kuamua haikuwa yao. Kwa hiyo usikae na Biblia usiku huku muda wa kesi unakwenda. Toa kopi ya mkataba wa mauziano, ule wenye sahihi na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, na risiti za benki, upeleke baraza la ardhi wiki hii. Baba yako mdogo alitia sahihi kama shahidi. Nimeshaongea naye, anasubiri umwambie siku.

Mama yako