Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Tunafunga muhula salama, na kila mwanafunzi amekabidhiwa ripoti yake. Isomeni wenyewe, msiridhike na kusimuliwa.

Kidato cha Pili wametupa raha. Tangu Machi tuliwakataza kukesha wakipitia daftari juu juu. Kila mmoja ajue somo linamwingiaje, kisha ajipime. Jioni ungewakuta wamechora moyo wa binadamu sakafuni kwa chaki, mmoja akifuata kwa kidole njia ya damu kwenda mapafuni na kurudi, wenzake wakimsahihisha. Aliyekwama alifungua kitabu, akakifunga, akaanza upya. Baiolojia imepanda kuliko somo jingine lolote, na binti aliyekuwa akishika mkia Februari sasa yumo kumi bora. Hongereni sana, watoto na walimu wao.

Kwenye kikao baadhi yenu mlisema, "Wangu ni wa kusikia tu, kusoma hawezi." Hapana. Mgawanyo huo wa kuona, kusikia, kusoma na kutenda ulienezwa na Neil Fleming wa New Zealand mwaka 1992, nao unamsaidia mtoto kujichunguza. Lakini wanasaikolojia wa Marekani waliopitia tafiti mwaka 2008 hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa mtindo wake peke yake kunamwongezea ufaulu. Kinachosaidia karibu kila mtu ni kujiuliza maswali kitabu kikiwa kimefungwa, na kurudia baada ya siku kadhaa. Msimpe mtoto kisingizio.

Michezo ilikwenda vizuri. Vyoo vipya vimekamilika.

Utoro wa siku za mnada umezidi. Mtoto anayekosa kila Alhamisi hana cha kujipima Ijumaa. Na wanaodaiwa mchango wa chakula walete mahindi na maharage kabla ya kufungua shule. Watoto wenu wamekula sahani za wenzao muhula mzima.

Lililotuumiza zaidi ni mtihani wa Hisabati. Wanafunzi watatu walikamatwa na karatasi ndani ya soksi, kanuni zimejaa pande zote mbili kwa herufi ndogo mno. Muda ule wa kuandika ungetosha kuziandika mara kadhaa bila kutazama, na zingewakaa kichwani. Mzazi mmoja alikuja ofisini kwangu akasema ni utoto. Mzazi mwenzangu, Novemba wanafanya upimaji wa taifa, na Baraza la Mitihani linafuta matokeo ya mdanganyifu bila kuuliza umri. Hapa wamepata sifuri, na sifuri hiyo haitabadilishwa kwa maombi ya mtu yeyote.

Wazazi wa hao watatu wafike na watoto wao siku ya kufungua, saa mbili asubuhi, kabla hawajaingia darasani. Asiyekuja na mzazi atarudishwa nyumbani.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule