Wezi wanacheza, wanunuzi wanateseka

Mhariri,

Mchezo wa video The Last of Us Part II ulivuja mtandaoni Aprili 2020, wiki kadhaa kabla ya kutoka Juni 19. Waliousubiri kwa hamu wakamwagiwa mwisho wa hadithi bila kuomba. Hata kusoma maoni chini ya video isiyohusika ikawa hatari. Huo ni uchokozi mtupu.

Lakini hasira za kampuni humwangukia nani? Mwaka 2024 Nintendo, kampuni ya michezo ya video, iliwashtaki watengenezaji wa Yuzu, programu ya kuchezea kwenye kompyuta michezo ya Switch, mashine yake ya michezo; wakakubali kuilipa dola milioni 2.4. Hapo naielewa: ilidai mchezo wake Tears of the Kingdom ulipakuliwa kiharamu zaidi ya mara milioni moja kabla haujatoka. Nisichoelewa ni kufuli za kidijitali zinazomlazimisha mnunuzi halali awe na intaneti hata akicheza peke yake. Mwizi anacheza nakala iliyokwisha kuvunjwa kufuli, tena raha mstarehe. Mwenye risiti ndiye anayekodolea macho skrini ya kuunganisha, seva zikizimika.

Diski za michezo huponyoka wakati wa usambazaji, kabla ya siku ya kutoka. Kampuni zibane huko kwanza.

Mchezaji anayelipa